Ombi la Kuachiwa Theluji Mlangoni Hadi Tumalize Filamu 164

Kwa Mheshimiwa Mzee Sasamori,
Mwenyekiti wa Mtaa wa Hinata-Chini.

9 Februari

Mzee wangu,

Theluji imefika usawa wa madirisha, na ninatumaini goti lako la kushoto halikusumbui kama wiki iliyopita. Mimi ni Mizuho, mke wa Yasunori Obonai, fundi seremala, nyumba ya tatu kutoka hekaluni, yenye paa la bluu. Najua unanijua. Nimeandika hivyo kwa sababu barua hii ni rasmi, na kwa sababu ni miezi mitatu tu tangu nianze kuandika "mke wa Yasunori", na mkono wangu bado haujashiba.

Ninaandika kulalamika. Sina kinyongo na mtu, maana mwanamke mwenye raha kama yangu hawezi kuwa na kinyongo hata na jino bovu. Lakini nina haki yangu, na haki hiyo uliniahidi wewe mwenyewe siku ya harusi, mbele ya watu themanini, kikombe mkononi. Ulisimama ukasema: "Bi harusi, huko kwenu Shizuoka mmezoea machenza na jua. Hapa kwetu, Desemba ikishaingia, hakuna kitu! Utakaa bure mpaka uhesabu nyuzi za mikeka. Pole sana, mwanangu." Watu wakacheka. Mama yangu akalia. Mimi nikamfinya Yasunori chini ya meza kwa furaha.

Nilifurahi kwa sababu ya masanduku. Alipokuwa kapera, akiishi kwenye bweni la mafundi kule Sendai, Yasunori alikuwa akinunua filamu kila mwisho wa mwezi, mbili mbili, kwa miaka saba. Akazijaza kwenye masanduku matatu ya machungwa. Siku aliponiposa alinionyesha masanduku kabla ya pete. Akasema, "Nimeziweka zimsubiri mtu wa kutazama naye." Mzee, wewe umeoa miaka hamsini sasa. Sijui kama Mama Sasamori amewahi kuambiwa neno kama hilo. Kama bado, hujachelewa.

Filamu hizo ni 168. Mafundi hawapandi juu ya paa kuanzia 26 Desemba hadi 20 Machi. Baada ya hapo Yasunori atakuwa akitoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi akiwa amelala huku anatembea. Kwa hiyo majira haya ya baridi ndiyo fungate yetu, hatuna nyingine. Hatukwenda kisiwani wala hotelini. Tulichagua kukaa bure nyumbani kwako, yaani mtaani kwako, kwa ahadi yako.

Hadi leo tumemaliza filamu nne. Moja ni ya katuni, ya dakika arobaini.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Greda la theluji. Linapita kwenye kichochoro chetu kabla ya kupita popote pengine, na linakwangua mpaka chini, kama sahani iliyolambwa. Barabara ikishasafishwa hivyo inaona haya kukaa bila mtu. Ikifika saa tatu asubuhi, dunia nzima ina njia ya kufika kwetu. Nasikia kwenye redio kwamba kuna vijiji juu mlimani vimefungwa na theluji siku tatu mfululizo, na ninawaonea wivu. Kwetu haijatokea hata nusu saa.

2. Wema. Hili ndilo baya kuliko yote, nimeliweka la pili ili usikate tamaa mapema. Tangu tuoane sijawahi kukuta theluji mlangoni kwangu. Majirani huja kuizoa kabla hatujaamka, kwa kuwa sisi ni maharusi. Bibi Fukue wa nyumba ya pili ana miaka themanini na miwili na mgongo uliopinda kama mundu, naye ndiye anayetangulia na sepetu. Nikitoka mbio na koti juu ya nguo za kulalia kumzuia, ananifukuza: "Rudi ndani, mwanangu! Rudini mfanye mambo yenu!" Mzee, nani anaweza kufanya mambo yake huku bibi wa miaka themanini na miwili anahema chini ya dirisha lake? Basi tunamkaribisha chai. Anaingia, anaketi, anafunika miguu kwa blanketi la meza yetu yenye kipasha joto chini yake, anatazama televisheni. "Huyu nani? Mbona analia? Mkewe yuko wapi?" Tunarudisha filamu mwanzo. Ile ya mkuu wa stesheni tumeitazama dakika ishirini za kwanza mara kumi na moja. Akiugua yule mwigizaji, mimi naweza kushika kofia yake nikaendelea.

3. Ubao wa matangazo. Nimeelezwa kwamba ubao huu lazima uzunguke nyumba kwa nyumba, kila nyumba isome, igonge muhuri, na kuupeleka kwa mkono kwa jirani anayefuata. Sipingi desturi. Ila "kwa mkono" hapa kwetu maana yake ni mkono, miguu, tumbo na habari za mkwe. Mpwa wako Bwana Gunji alileta tangazo la siku mpya ya taka saa nne asubuhi, akaondoka saa kumi jioni, na ubao akaondoka nao kwapani. Kesho yake akarudi kuuleta.

4. Jumamosi iliyopita. Hapa nakiri nina sehemu yangu ya kosa. Niliandika kwenye ubao huohuo, kwa mwandiko wangu mzuri: "Jumamosi hii nyumba ya Obonai itatazama filamu kutwa nzima, kuanzia saa tatu." Nilikotoka mimi, mtu akitangaza hivyo, watu wanapita nje kwa kunyata. Ubao uliporudi ulikuwa na mihuri tisa myekundu. Nilimkumbatia Yasunori nikamwambia, "Ona, wote wamekubali kutuacha!" Yasunori alizaliwa mtaa huu. Aliitazama ile mihuri, akasema taratibu, "Mizuho, tuna vikombe vingapi?"

Saa tatu kasoro dakika tano walifika watu kumi na wanne. Kila mmoja alikuja na mto wake wa kukalia, mmoja na kiti kabisa kwa ajili ya kiuno. Walileta figili zilizokaushwa kwa moshi za kututosha mpaka mwaka kesho, na sufuria ya majimbi iliyobebwa na watu wawili. Bibi Fukue alipewa nafasi ya mbele. Mimi na mume wangu tulitazama tukiwa tumesimama mlangoni mwa jikoni. Mkono wake niliupata mara moja tu kutwa nzima, nao ulikuwa na sahani.

5. Wewe mwenyewe. Nisamehe, Mzee, lakini barua rasmi haichagui uso. Siku hiyo ulipewa pembe nzuri, karibu na jiko la mafuta. Ukalala. Hilo silisemi. Ukakoroma, nalo pia silisemi, tuliongeza sauti. Lakini filamu ya pili ilipofika mahali ambapo hata majimbi hayakutafunwa, ulifumbua jicho moja ukasema, "Muuaji ni daktari. Nilishaiona zamani," ukalala tena. Bwana Gunji akapiga goti lake kwa kofi: "Aa, Mjomba! Sasa tukae kwa sababu gani?" Mimi nilidhani angalau wataondoka. Walikaa saa moja na nusu zaidi ili wahakikishe kama Mwenyekiti anasema kweli. Na ulisema kweli. Ndicho kinachoniuma.

6. Mtawa wa hekalu. Alikuja kumwombea babu yake Yasunori, kutimiza miaka kumi na tatu tangu afariki. Madhabahu ya nyumbani na televisheni viko chumba kimoja, kwa kuwa chumba ni kimoja. Nilishika kitufe nizime, yeye akasema kwa upole, "Acheni tu iendelee, marehemu alipenda filamu za mapanga." Nyumba nyingine dua hiyo huchukua dakika thelathini na tano. Kwetu ilichukua kumi na moja. Farasi walipoanza kukimbia, naye alianza kukimbia. Sijui kama babu amefikishwa au ameachwa njiani.

Sasa, Mzee, tufikiri pamoja kama watu wazima. Filamu ni dawa. Inatibu ugonjwa wa kukaa bure, kila mtu anajua hivyo. Mimi na mume wangu tuna dozi 164 kwenye masanduku matatu, na hatuna ugonjwa. Hatujapata kukaa bure hata asubuhi moja. Nyuzi za mikeka sijahesabu hata kumi. Mtu akiahidiwa ugonjwa hadharani, akajiandaa, akanunua dawa, kisha akanyimwa ugonjwa, alaumiwe nani kama si aliyeahidi?

Zimebaki siku thelathini na tisa. Ni filamu nne na kidogo kwa siku, bila kurudisha yoyote mwanzo. Kwa hiyo ninaomba, kwa heshima zote:

Kwanza, greda lipite kwetu mwisho. Likiharibika kabla halijatufikia, lisitengenezwe kwa haraka.

Pili, majirani waache kuzoa theluji yetu, na waliokwisha kuizoa wairudishe. Sidai yote. Sepetu ishirini kwa kila nyumba zinatosha kufika kwenye kitasa.

Tatu, ikiwa sheria hairuhusu kumwacha mtu amefungiwa na theluji, basi ofisi yako itangaze kwamba nyumba ya Obonai imekatika mawasiliano rasmi hadi 20 Machi. Mchele tutashushiwa kupitia dirisha la darini. Machenza ambayo mama yangu hututumia yanaweza kurushwa, maganda yake ni magumu.

Nne, mtu akituulizia, mwambie tumekufa kwa kukaa bure kama ulivyotabiri. Bahasha za rambirambi zisiletwe, maana zikiletwa zitaletwa kwa mkono.

Sidhani kama naomba makubwa. Ninachotaka ni mume wangu, blanketi moja, na filamu inayofika mwisho wake. Akicheka huwa anaanza kwa mabega, Mzee, sauti inakuja baadaye. Nina siku thelathini na tisa tu za kuyatazama mabega hayo mchana.

Msalimie sana Mama Sasamori. Msalimie Bwana Gunji na mashine yake ya kurusha theluji, ikiwezekana ikiwa imezimwa. Msalimie Bibi Fukue, umwambie kwamba yule mkuu wa stesheni anampata binti yake mwishoni, kwa hiyo hana haja ya kuja kuuliza. Salamu kwa mtawa, na kwa yeyote aliyesahau kiti chake kwetu.

Wako katika raha na malalamiko,

Mizuho Obonai,
mke wa Yasunori

N.B. Nilimpa Yasunori aisome barua hii anisahihishe. Alipofika kwenye namba 164, masikio yake yakawa mekundu kama mihuri. Akaiweka chini. Akasema, "Mizuho, usiipeleke." Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, akitazama mikeka, kwamba filamu zote hizo ameshaziona. Zote 168, peke yake, kule bwenini, nyingine mara tatu. Alinunua, akatazama, akaziweka kwa ajili ya mtu wa kutazama naye, kama alivyosema. Ni mimi niliyedhani kusubiri maana yake ni kutofungua.

Niliiokota barua. Kisha nikasema, "Sasa wiki sita hizi ulikuwa unatazama nini?"

Akasema, "Nakutazama wewe. Wewe unaruka kwa hofu kabla mlango wa kwenye filamu haujafunguliwa."

Mzee, nimefuta maombi yote manne. Greda lipite kama kawaida, tena mapema zaidi, na kila mlango uzolewe theluji, ili mtu yeyote asikose kufika kwenye ukumbi wa mtaa Jumamosi saa tatu. Masanduku matatu utayakuta kwenye kizingiti chako. Ni ya mtaa sasa. Watazame wote, kutwa nzima, na Jumapili, na Jumamosi nyingine mpaka 20 Machi, na wewe ukalale pembe unayotaka. Sisi hatutakuwepo ukumbini. Tutakuwa nyumbani, televisheni ikiwa imezimwa, na tumeshapata la kufanya.