Mrudisheni Mume Wangu Ghalani

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Sabuni.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA MUME WANGU KURUDISHWA KAZINI, HATA BILA MSHAHARA

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chako cha kuzunguka, na ghala lako liko kimya. Kimya hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu, maana kelele zake zote mmezihamishia kwangu.

Mimi ni mke wa mtunza ghala wenu mliyemstaafisha mwishoni mwa mwaka jana, yule ambaye kiwanda kizima mlimwita Bwana Stoo. Huenda unanikumbuka. Siku ya kumuaga nilikaa meza ya mbele, nikapiga makofi uliposema kwamba sasa ni zamu ya familia kufaidi ujuzi wake. Nilidhani ni maneno ya kupambia hotuba. Sikujua kwamba ilikuwa hukumu, na kwamba mshtakiwa ni mimi.

Kwa heshima yote niliyoweza kuikusanya asubuhi hii, nikiwa nimekalia ndoo ya mafuta ya kupikia kwa sababu kiti changu kimepandishiwa katoni za chumvi, naomba nikueleze yaliyonipata.

1. Kuhusu ilivyoanza. Baada ya kustaafu, mume wangu aliendelea kuamka alfajiri, akavaa shati la kazini, akakaa sebuleni kuutazama mlango. Nilimhurumia. Nikamwambia, "Baba watoto, si unisindikize sokoni unyooshe miguu?" Tukaenda. Akaniona nikinunua vitunguu vinne, nyanya fungu moja, na mafuta ya kujaza chupa ndogo. Akasimama pale katikati ya njia, watu wakimpiga vikumbo, akanitazama kama aliyenikamata nikiiba.

"Hivi ndivyo tunavyonunua?" akauliza.

"Ndivyo tulivyonunua miaka yote. Ulikuwa wapi?"

"Mama watoto, tunanunua kama watu wanaohama kesho!"

Kesho yake akaenda soko la jumla peke yake. Alirudi mchana akitembea mbele ya mkokoteni, kifua mbele, kama anayeongoza gwaride. Gunia la mchele, gunia la unga, gunia la maharage, gunia la vitunguu, ndoo za mafuta, na kabichi ambazo sikuweza kuzihesabu kwa sababu macho yalikuwa yameanza kuniuma. Watu wengine wakiacha kazi husemwa wamemwaga unga. Wa kwangu ameuleta nyumbani kwa magunia.

2. Kuhusu sebule, ambayo sasa hatunayo. Mimi ni fundi cherehani, Ndugu Meneja, na sebule ile ndiyo iliyokuwa karakana yangu. Mchele umechukua mahali pa cherehani, na cherehani imehamia barazani. Wateja wangu, kina mama watu wazima wenye heshima zao, sasa wanapimwa viuno mbele ya waendesha baiskeli. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikataa kupimwa nje. Nikambana katikati ya magunia, nikampima huko huko. Alipotoka alikuwa na alama nyeupe ya unga nyuma ya sketi yake nyeusi, pana, ya mviringo, mahali ambapo mwalimu mkuu hapaswi kuwa na alama yoyote. Alitembea nayo hadi shuleni, akasimama nayo mbele ya watoto. Kitambaa chake amekuja kukichukua hakijashonwa, na salamu yangu hajaiitikia hadi leo.

3. Kuhusu chumba cha kijana wetu. Kijana alioa akahama, nami nilikuwa na mipango na chumba kile. Mume wangu naye alikuwa na yake. Ameweka mbao za kupangia vitu, ametia kufuli, na ufunguo anauvaa shingoni. Nikitaka kupika, naenda kusimama mlangoni.

"Unahitaji nini?"

"Kitunguu."

"Cha nini?"

"Cha kupikia chakula chako."

"Vya jana vimekwisha?"

Ndugu Meneja, nimemzalia mtu huyu watoto. Nimemuuguza malaria nikimkanda kwa kitambaa mgongo mzima. Leo ananiuliza habari za vitunguu vya jana, tena kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwatolea vibarua wenu waliopoteza glavu.

Na si kwamba akinipa kitunguu ananipa kitunguu. Kanuni yenu ya ghalani, kwamba kilichoingia kwanza ndicho kitoke kwanza, ameileta nyumbani kama ilivyo. Kwa hiyo tunakula kilichoanza kuoza. Tukimaliza kilichoanza kuoza, vile vilivyokuwa vizuri navyo vinakuwa vimeanza kuoza. Basi tunavila. Tangu tuanze kubana matumizi kwa akili, sijapata kukata kitunguu kizima. Nilimwambia, "Leo nipe kimoja kizuri, tukile kikiwa kizuri." Alinitazama kwa huruma, kama daktari anayetazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake.

Kwa sabuni mna bahati. Sabuni haioti mizizi chini ya kitanda.

4. Kuhusu ratiba ya chakula. Ipo ukutani, ameivalisha plastiki isiingie mvuke. Jumatatu kabichi, Jumanne maharage, Jumatano kabichi na maharage, na kadhalika. Sina haja ya kukusomea yote, maana ukishajua hayo mawili unajua karibu wiki nzima. Anasema mtu asiyepanga chakula chake hupangiwa na tamaa. Mimi nikiwa na homa, ulimi mchungu, nilitamani uji. Akaja ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono kwa upole kabisa, akasema, "Uji ni Ijumaa. Unaweza kujikaza?"

Lakini hayo ningeyameza. Lililonipandisha pumzi ni la binti yetu.

Binti yetu wa mwisho ni muuguzi. Amempata fundi umeme mmoja, kijana mtaratibu, na mama yake kijana akatuma habari kwamba yeye na kaka yake watakuja kutuona tupange mambo. Wakachagua Jumanne. Nilimwendea mume wangu mapema, nikaongea kwa sauti ya chini, sauti ninayoitumia mara chache.

"Baba watoto, wageni wanakuja. Tununue kuku."

"Jumanne ni maharage."

"Ni wakwe zako watarajiwa."

"Basi wajue mapema."

Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta neno la kumjibu, nikakutana na magunia tu. Binti alilia jikoni huku akikoroga. Wageni wakafika. Mama wa kijana amevaa gauni la bluu lenye mshono wa maana sana, nikaona hata aibu kumkaribisha penye katoni za chumvi. Mjomba wa kijana, dereva wa lori aliyestaafu, mtu mnene mwenye kicheko, alikaa akatazama huku na huku, akauliza kwa adabu kama tunafungua duka.

Lo! Laiti asingeuliza. Uso wa mume wangu uliwaka kama taa. Akasimama, akavua ufunguo shingoni, akamshika mjomba mkono wakaingia chumbani. Tukabaki mimi na mama wa kijana tukitazamana juu ya sahani za maharage. Kutoka chumbani tulisikia, "Hapa nyuma lazima pawe na hewa!" na mjomba akiitikia, "Ehee! Ehee!" Chakula kikapoa. Mama wa kijana akaonja kijiko kimoja, akaweka kijiko chini taratibu, akaniuliza maharage haya tumeyanunua lini. Nikasema sijui, muulize mwenye ghala. Waliondoka bila kutaja siku ya harusi. Mjomba aliondoka na kabichi mbili, moja kila kwapa, akitabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu.

Usiku ule binti yangu hakusema na baba yake. Baba yake hakutambua, alikuwa anapanga vitunguu.

Baada ya siku chache simu ikalia. Mama wa kijana. Nikajua mambo yamevunjika, nikakaa kabisa kabla ya kuitikia.

"Dada," akasema, sauti imemkauka, "kaka yangu amenunua viazi lori zima. Viko sebuleni kwangu. Naomba uniambie, huu ugonjwa wa nyumbani kwenu una dawa?"

Tukalia pamoja, kisha tukacheka pamoja, kisha akataja siku ya harusi. Kwa hiyo ndoa ipo. Lakini usifurahi haraka. Wazee hawa wawili sasa wanakutana kila jioni barazani, miguu yao imenyooshwa kwenye vitambaa vya wateja wangu, na wamejiteua wenyewe kuwa kamati ya chakula cha harusi. Wanapanga kulisha ukumbi mzima kwa maharage na viazi. Wanasema wageni wakijua mapema watazoea.

5. Kuhusu wadudu. Wameingia kwenye maharage. Kila asubuhi mume wangu anatandika mashuka yangu uani, yale mazuri ya maua ninayoyaweka kwa ajili ya wageni, anamwaga maharage juani, anapepeta. Wadudu wanatoka huko wanahamia kwenye mchele. Akipepeta mchele, wanarudi kwenye maharage. Kwa jinsi ninavyoona, wadudu ndio pekee katika nyumba hii wanaokula bila ratiba, na ndio pekee walionenepa.

6. Kuhusu akiba. Utaniuliza, maana wewe ni meneja, kama walau pesa inabaki. Swali zuri. Nililiuliza pia. Akanieleza kwa utulivu kwamba tumeokoa pesa kwenye mchele, na kwa pesa hiyo amenunua sukari kwa jumla, ambayo nayo imetuokolea pesa ya kununulia dengu. Kila akiokoa pesa, anaitumia kuokoa nyingine. Tumeokoa sana, Ndugu Meneja. Tumeokoa mpaka hatuna kitu. Jana nilitaka uzi mweusi wa kumalizia suruali ya mteja, nikakosa hela ya uzi nikiwa nimezungukwa na chakula cha kutosha jeshi.

Kwa sababu hizo, maji yakiwa yamenifika shingoni, naomba kwa unyenyekevu mkubwa mmrudishe mume wangu ghalani. Mshahara hatutaki. Chakula chake cha mchana nitamfungia, nadhani unajua ni chakula gani. Kama nafasi yake imeshajazwa, mfanyeni msaidizi. Kama usaidizi haupo, mfanyeni mlinzi. Kama ulinzi nao haupo, basi mpokeeni kama bidhaa, mwandikeni kwamba ameingia, na kwa kanuni yenu wenyewe, kwa kuwa aliingia kabla ya wengine wote, msimtoe tena.

Na kama hilo pia linapita uwezo wako, naomba unipe mimi chumba kidogo hapo kiwandani, chenye kiti kitupu. Nyumba nitamwachia yeye na magunia yake, wanapendana.

Nisalimie mhasibu, mpiga chapa aliyeandika ile kadi nzuri ya kumuaga, na mlinzi wa lango aliyemfungulia siku ile akatoka. Huyo mwambie sina kinyongo naye, alikuwa anafanya kazi yake. Salimia vibarua wote wa ghalani, nao wapumzike kwa niaba yangu.

Ni mimi niliyebaki barazani,
Mke wa Bwana Stoo.

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha gari la kiwanda likasimama nje. Dereva wako akashuka, akasema kwamba yule mtunza ghala mpya amewachanganyia mambo, mizigo haijulikani iliko, na wewe mwenyewe unamtaka mume wangu arudi mara moja, tena kwa mshahara. Nikafungua mdomo nimshukuru Mungu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Amesafiri." Dereva akauliza atarudi lini. Nikasema hakuaga vizuri. Wakati huo huo mume wangu alikuwa uani anapepeta, na anakohoa kile kikohozi chake ambacho dereva amekisikia miaka yote. Dereva akatazama upande wa uani, akanitazama mimi, akaingia garini.

Nilikwenda uani nimweleze ukweli. Akauliza nani alikuwa pale nje, nikasema ni mtu amepotea njia. Akanipa pembe mbili za shuka, tukalishika huku na huku, tukakusanya maharage katikati, naye akaendelea na habari ndefu ya namna ya kukausha dengu. Miaka yote alipokuwa kwenu alirudi nyumbani akiwa hana neno lililobaki mdomoni. Sasa anaongea upuuzi kutwa nzima, lakini anaongea na mimi.

Barua naituma hata hivyo, maana nimeijaza pande zote na kuitupa ni hasara. Stempu tunazo, alinunua za jumla. Wewe isome tu, usiifanyie kazi. Mume wangu bado hajarudi safarini.