Dodoso Lisilo na Jina

Jumatatu, tarehe 4

Meneja wa hospitali kaja mwenyewe hadi chumba cha kufulia, tai shingoni. Kagawa dodoso. Ati tuseme ukweli wote kuhusu kazi, ni siri, jina haliandikwi. Nikafurahi. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Idara? Jinsia? Umri? Miaka kazini? Loo! Kufulia tuko watatu, wanaume wawili na mimi. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, kumi na tisa kazini, ni nani? Pipa la sabuni?

Na la kusema ninalo! Mapazia ya nyumbani kwa meneja tunayafua sisi, pamoja na mashuka ya wagonjwa. Lakini Ijumaa anateua msimamizi wetu mpya, na nafasi hiyo ni yangu, nani asiyejua? Akigundua ni mimi niliyesema, kwaheri usimamizi.

Jumanne, tarehe 5

Dawa nimeipata. Sijasoma sana, lakini aliyezaa daktari (yuko mwaka wa pili chuoni, bado kidogo tu) hawezi kuwa mjinga. Bure bure hawaniiti Mama Daktari. Idara: udereva. Jinsia: mwanamume. Umri: thelathini. Nikaandika kwa mkono wa kushoto. Mapazia yote nikayataja, hata lile la maua la sebuleni. Mpiga pasi wetu akanyoosha shingo kama bata aone. Nikatupia shuka juu ya karatasi. Nikakunja, nikakabidhi. Anitafute sasa!

Alhamisi, tarehe 7

Kumbe dereva kabaki mmoja tu! Yule mwingine alistaafu, wala hakuniaga. Huyu aliyebaki kaitwa ofisini, kasomewa jibu langu la tisa: “Hata binti yangu anayesomea udaktari, wa kwanza darasani, anayashangaa mapazia hayo.” Kijana wa watu hata hajaoa. Kaulizwa binti huyo alimzaa lini. Akashuka kufulia jasho likimtoka, akaniangalia, akaangua kicheko mbele ya wote.

“Mama Daktari, umenizalisha bila uchungu!”

Mpiga pasi kacheka hadi kaunguza shuka. Wapuuzi. Jibu la siri linasomwaje kwa sauti?

Ijumaa, tarehe 8

Usimamizi kapewa mpiga pasi! Aliyeunguza shuka jana! Miaka kumi na tisa mikono yangu inachubuka kwa sabuni, halafu bata ndiye msimamizi!

Nikapanda ofisini. Kiti nilikikataa. Nikamwambia meneja ananionea kwa sababu ya dodoso, na dodoso ni siri. Akasema polepole kwamba hakuna aliyesema ni langu. Nikamuuliza, kama si langu, lile pazia la maua nililitaja wapi?

Akalegeza tai. Hapo nilimweza!

Jumatatu, tarehe 11

Wametundika sanduku la maoni ukumbini, lina kufuli. Afadhali. Nimeandika barua kali: uteuzi urudiwe, apewe yule mama wa kufulia mwenye akili zake. Bila jina, bila idara, bila umri. Binti yangu kanionya kwa simu. “Mama, safari hii usinitaje, jamani.” Sikumtaja hata kwa herufi moja. Mimi msikivu.

Ila karatasi ya daftari niliiona duni, wangedhani imeandikwa na mtu wa hivi hivi. Nikaandika nyuma ya nakala ya matokeo ya mtihani ya binti yangu. Karatasi safi, nzito, ina muhuri.