Leseni ya Televisheni Kabla ya Kiapo

"Sikilizeni hii!" Wakili aliinua simu juu kama mhubiri anayeinua Biblia. "Uingereza watu wanapelekwa kortini kwa kutazama televisheni bila leseni. Si gari, si bunduki. Te-le-vi-she-ni!"

Ilikuwa Jumatatu, saa tisa na nusu alasiri, nje ya duka la mikate la Walebanoni, hatua chache kutoka stesheni ya Merrylands, Sydney. Hapo pana meza moja ya plastiki ambayo wenyewe wanaiita Rufani, maana hakuna hoja iliyowahi kuamuliwa pale ikakubali kufa. Habonimana ndiyo kwanza alikuwa anakaa. Alikuwa ametoka shifti ya alfajiri kwenye maghala ya Wetherill Park, na fulana yake ya chungwa ya kuendeshea forklifti ilikuwa bado mwilini. Mezani hapo anaitwa Shemasi. Kanisani ni shemasi kweli, lakini jina lilimganda siku aliporudi dukani kwa miguu, mvua inanyesha, kurudisha kitunguu kimoja ambacho mashine ya kulipia ilikuwa haijakihesabu.

"Uongo mtupu," alisema Directeur. Jina lake halisi ni Précieux, Mrundi mwenzake Habonimana, na wote wawili walikulia kambini Tanzania. Kazi yake ni kusafisha madirisha ya maofisi, ila hutoka nyumbani na suti na kubadilisha nguo akifika. "Mon frère, serikali itajuaje mi natazama nini salon, sebuleni kwangu?"

"Si uongo," akadakia Chepkoech. Huyu ni nesi Mkenya aliyehamia Sydney wiki tatu tu zilizopita akitokea Leeds, na meza ilishambatiza Sista Leeds kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa. "Miaka minne wameniandikia barua kuliko mchumba yeyote. Una leseni? Huna? Mbona huna? Na mimi hata antena sikuwa nayo. Nilikuwa nastrimu tu."

"Kwani kustrimu nako kunataka leseni?" aliuliza Habonimana.

"Inategemea. Ukitazama kitu wakati uleule kinarushwa, yaani laivu, hata kama ni kwa simu, unalipia. Ukijichagulia sinema yako mtandaoni, hulipii. Ila ukiingia kwa app ya lile shirika lao la utangazaji, hapo lazima leseni, hata kama kipindi ni cha mwaka jana."

Wakili alifunga macho kama jaji aliyeshiba. Ni Wekesa, anayewatunza wazee kwenye nyumba ya kulelea, na sheria aliisoma muhula mmoja tu. "Ni rahisi bana. Laivu ni ndoa, lazima cheti. Kustrimu ni uchumba, mnajuana wenyewe."

"Toba!" alisema Habonimana.

"Basi mi naoa kila Jumamosi," alisema Directeur. "Mpira natazama laivu."

Wakacheka. Kisha Chepkoech, bila hila yoyote, akauliza swali lililoiangusha meza nzima.

"Na hapa mnaikata wapi? Nimenunua televisheni juzi."

Ndani ya duka mashine ya kahawa ilikohoa. Tatizo la Rufani ni kwamba neno "sijui" halijawahi kutamkwa pale.

"Hapa," alianza Wakili taratibu, "ni kaunsili."

"Kaunsili?"

"Ndiyo. Halmashauri ya mji. Mambo yote ya nyumba ni kaunsili. Takataka, miti, televisheni."

"Mi nilifikiri iko ndani ya facture ya umeme," alisema Directeur.

"Bili ya umeme ni ya umeme!"

"Kwani televisheni yako inakula nini, mahindi?"

Safari hii Habonimana hakucheka. Alikuwa amekaa Australia miaka kumi na moja, na sebuleni kwake palitundikwa televisheni pana kama mlango. Na Alhamisi asubuhi, kwenye ukumbi wa hiyohiyo kaunsili, alitakiwa kula kiapo cha uraia. Maneno yake alikuwa ameyakariri juu ya forklifti, pandisha shusha, pandisha shusha, mpaka pale mwisho mtu anapoahidi kuzitii sheria za nchi.

"Jamani," alisema, "mimi Alhamisi naapa."

Wakili aliweka kikombe chini. "Buda! Miaka kumi na moja bila leseni, halafu uape kwamba unatii sheria? Hicho ni kiapo cha uongo. Wanaweza kukunyang'anya uraia hata kabla ya keki ya sherehe."

"Usimtishe mtu," alisema Chepkoech.

"Fanya hivi," alisema Directeur. "Geuza televisheni iangalie ukuta. Wakija, sema siku hizi hamuelewani."

"Ama useme ni ya mke," aliongeza Wakili.

"Thacienne ataniua kabla ya serikali."

"Basi ifiche. Ila chunga. Babu yangu kule Bungoma, enzi za vibali vya redio, aliificha redio yake ndani ya ghala la mahindi. Askari wakafika, wakaamkua vizuri, mara ghala likaanza kusoma taarifa ya habari."

Meza ilipasuka kwa vicheko. Habonimana aliaga akaondoka, kahawa yake hakuigusa.

Nyumbani Guildford hakusalimia mtu. Aliingia moja kwa moja, akachomoa waya ukutani.

"Wewe!" Thacienne aliruka kwenye kochi, tamthilia yake imezimika katikati. "Ndiyo anafunguliwa bandeji tumwone usoni! Siku tatu nangoja hiyo bandeji!"

Alipoeleza, binti yao Belyse alicheka bila kuinua macho kwenye simu. "Dad, that's not even a thing."

"Kitu au si kitu, siendi kuapa na dhambi imening'inia ukutani."

"Maneno ya Rufani hayo," alisema Thacienne. "Wakili huyohuyo ndiye aliyekwambia papa hawaumi wakimbizi."

Habonimana alikaa chini na waya mkononi. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama Belyse, kila karatasi niliyowahi kupewa maishani iliandikwa tarehe ya kwisha. Ya kambini, ya safari, zote. Hii ya Alhamisi ndiyo ya kwanza isiyo na mwisho. Sitaki siku moja mtu abishe hodi aseme, rudisha, ulidanganya."

Thacienne alienda chumbani, akarudi na kitenge chake kizuri cha harusi, akaifunika televisheni kama anavyofunikwa mgonjwa.

"Basi kesho kaulize," alisema. "Si Rufani. Kawaulize wenye ofisi."

Jumanne, baada ya shifti, alienda ofisi za kaunsili, na Rufani nzima ikamfuata, kwa sababu Rufani haimwachi mtu wake aaibike peke yake. Directeur alivaa tai. Chepkoech alikuwa na siku ya mapumziko. Wakili alikuja na mbwa wake, dubwana la kahawia lisilojulikana kabila, kwa kuwa mkewe alikuwa kazini na mbwa huyo akiachwa peke yake hulia mpaka majirani wanagonga ukuta. Alimfunga kwenye vyuma vya baiskeli, mbele ya mlango wa kioo.

Kwenye kaunta alikuwapo mama mmoja wa kizungu mwenye mvi, miwani imening'inia kifuani.

"Nimekuja kujishtaki," alisema Habonimana kwa Kiingereza chake cha polepole. Akaeleza yote bila kuficha: televisheni, kustrimu, ndoa ya laivu, miaka kumi na moja, kiapo cha Alhamisi.

Yule mama alivaa miwani ili amwone vizuri. Akamwita mpenzi, kama wanavyoita huku hata wasiokujua.

"Mpenzi, leseni ya televisheni ilifutwa mwaka 1974. Nilikuwa darasa la tatu. Baba alitununulia aiskrimu."

"Ilifutwa?"

"Yote."

"Na kustrimu?"

"Strimu mpaka macho yatoke."

"Na laivu?"

"Na laivu."

Habonimana alishika ukingo wa kaunta. Akamwomba aseme tena, naye akasema tena, taratibu, kama mtu anayejua kwamba hakuulizwa habari ya televisheni, bali ya kiapo.

"Nimekaa hapa miaka ishirini na mbili," aliongeza. "Watu huja kuwashtaki majirani zao. Wewe ni wa kwanza kujishtaki mwenyewe. Alhamisi nitakuwa ukumbini. Nitakutafuta nikupe mkono."

"Si niliwaambia!" Wakili alijisukuma mbele, kifua kimevimba. "Niliwaambia kaunsili ndio wanajua! Mambo ya sheria, mniulize mimi."

Nje, mbwa alibweka. Mama wa kaunta alichungulia kupitia kioo, akatabasamu.

"Mzuri sana yule. Wa nani?"

"Wangu!" alisema Wakili. "Anaitwa Katiba."

"Ana chipu ya utambulisho? Amesajiliwa hapa kwetu? Maana mbwa ndio lazima wasajiliwe." Tayari mkono wake ulikuwa unavuta fomu.

Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, Wakili alirudi nyuma hatua mbili.

"Ni... ni mgeni," alisema. "Ametutembelea tu."

"Kutoka wapi?"

Swali lilimkuta mlangoni. Walimwona kupitia kioo akihangaika na fundo la kamba. Fundo likakataa. Akaikata kamba kwa meno, akambeba yule mbwa kifuani, miguu minne inaning'inia, akatimua mbio kuelekea stesheni.

Directeur alinyoosha tai yake. "Vraiment, wanasheria wengine huvunja katiba. Wa kwetu ameibeba akakimbia nayo."

Chepkoech alikuwa ameinama kwenye kiti, machozi ya kicheko yanamtoka. Habonimana peke yake ndiye hakucheka. Alinyoosha mkono juu ya kaunta.

"Mama, naomba hiyo fomu," alisema. "Nitampelekea. Na anwani yake kamili ninayo, andika."