Mpini wa Mtu Mkubwa

Jumatatu, 9 Septemba

Meneja wetu mpya wa ghala la mpunga, Mama Pudensiana, anacheza gofu. Kaja Mpanda na fimbo kumi na mbili kwenye mfuko mrefu. Wapakiaji walidhani ni bunduki. Jumamosi atatujaribu kwenye kiwanja cha mpira, mimi na Salvator wa mizani. Atakayepiga vizuri anakwenda naye Arusha kwenye mashindano, tena kwa ndege. Nina miaka arobaini na moja na sijawahi kuvuka Tabora. Salvator keshafika Arusha mara mbili, na anaitaja kila tukinywa chai. Safari hii ni yangu.

Mama kasema mipini ya gofu ina saizi kama viatu. Ana raba za kuvalisha mipini hiyo: nyembamba, ya kati na nene. Kila mtu achague inayomfaa. Kumbe! Nimeishika fimbo aliyoniachia siku nzima, hata wakati wa kula.

Jumanne, 10 Septemba

Uchunguzi. Nimesalimiana kwa mkono na watu ishirini na tatu sokoni ili nilinganishe viganja. Fundi cherehani mmoja, mwembamba kabisa, ana kiganja kama sahani. Dereva wa bajaji mwenye kifua kipana ana vidole vya mtoto. Inashangaza sana. Salvator nilimshikilia mpaka akaniuliza kama nimefiwa. Mkono wake ni mkubwa.

Wangu ni mdogo. Shuleni waliniita Dada Damiano. Inaniuma mpaka leo, na nimeiandika hapa tu.

Alhamisi, 12 Septemba

Mke wangu Specioza kanikuta napima. Akaifumbata fimbo, akasema hii si ni kama mpini wa jembe tu. Ncha za vidole viwili vya kati ziguse kiganja kidogo. Zikichimba, mpini ni mwembamba. Zisipofika, ni mnene na utakugeukia mkononi. Kwao Kasansa fundi hachongi mpini mpaka mwenye jembe awepo, aukamate mwenyewe. Nimemshukuru, nikamweleza kwamba gofu si kulima viazi.

Nimechagua raba nene. Mtu mkubwa, mpini mkubwa. Jioni nikasikia Salvator naye kachukua nene. Nikaongeza mpira wa tyubu ya baiskeli, mizunguko mitatu, na juu yake nta ya nyuki kutoka Ugalla, ili mkono ushike vizuri.

Jumamosi, 14 Septemba

Aibu. Saa saba mchana, jua la Mpanda, na nta ikaanza kuyeyuka. Vidole vyangu havikukaribia hata kugusa kiganja. Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Fimbo iliondoka, ikapita juu ya goli, ikatua kwenye sufuria la mama anayeuza maharage kando ya kiwanja. Mpira ulibaki pale pale.

Salvator alikuwa na raba ya kati. Ile habari ya nene aliisambaza mwenyewe. Mpira wake ulikwenda mbali, na Arusha anakwenda yeye.

Mama Pudensiana hakucheka. Aliulinganisha mkono wangu na wake: sawasawa. Akanipa fimbo yake yenye mpini mwembamba, nipige mara moja tu, nisikie. Mpira ulinyooka mpaka barabarani. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga. Mama kasema Desemba kuna mashindano mengine, na fimbo hiyo ataniazima.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya misa nimetafakari kwa utulivu na kosa nimeliona. Mpini haukuwa mnene. Mkono ndio haujakua. Fimbo ya Mama nimeikataa kwa heshima.

Doto, mfugaji anayetuletea maziwa, ana viganja vipana kuliko mtu yeyote niliyempima. Nilipomuuliza siri, akasema labda ni kukamua ng'ombe tangu utotoni. Mpaka Desemba kuna miezi mitatu, inatosha. Kesho alfajiri naanza kukamua zizini kwake. Nimemwomba anichagulie wale wenye chuchu nene.