Nambari Moja Wako Wawili

Fundi cherehani alikuwa amesimama katikati ya barabara, simu moja mkono wa kulia, nyingine mkono wa kushoto, zote ameziinua juu kama mtu anayesalimu amri. Alikuwa anampigia dada yake tangu asubuhi, mtandao hashiki. Upande huu, duka la kampuni ya simu ya Radi lilikuwa na bango: NAMBARI MOJA KWA KASI. Upande ule, duka la kampuni ya Upepo nalo lilikuwa na lake: NAMBARI MOJA KWA KASI, POPOTE ULIPO.

"Popote isipokuwa hapa nilipo!" alifoka fundi, akazitumbukiza simu mfukoni na kurudi kwenye cherehani yake.

Wengine wangemwonea huruma. Miwani, aliyekuwa akimtazama kutoka kibarazani kwa kinyozi, aliona riziki. Aliitwa Miwani kwa sababu ya miwani mikubwa ya fremu nyeusi aliyoivaa akienda kazini, ingawa macho yake yalikuwa mazima kabisa, na kazi yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa kutapeli watu. Akawaza: hawa wenye maduka wote wawili ni waongo, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anadanganya. Wanachokosa ni shahidi tu.

Kesho yake akaingia Radi, tai shingoni, faili kwapani. Meneja wa pale alikuwa bwana mnene, mwenye wasiwasi, ambaye kila mteja aliyeingia Upepo alimwuma kama jino bovu.

"Natoka Taasisi Huru ya Vipimo vya Kasi," alisema Miwani, akiketi bila kukaribishwa. "Tumewapima."

Meneja akasogeza kiti karibu. "Tumeshinda?"

"Inategemea."

"Inategemea nini, mheshimiwa?"

"Tulipimia wapi, na saa ngapi. Tukisema tulipimia hapo mlangoni kwako, alfajiri, wateja wote wamelala..."

"Hapo tunashinda?"

"Hapo hamna mpinzani, ndugu yangu."

Meneja alicheka hadi kiti kikalia. Hakuuliza hata taasisi yenyewe iko mtaa gani; sifa zilikuwa zimeshamkolea. Haikupita nusu saa, cheti chenye muhuri mwekundu kikawa kinaning'inia ukutani, na Miwani akatoka na begi lenye simu sita mpya, zingali kwenye maboksi yake. Za kuendeleza utafiti, alieleza.

Mtu mwenye kiasi angeishia hapo. Miwani akavuka barabara.

Upepo ilisimamiwa na mwanamama mtaratibu, mwenye sauti ya upole. Alimsikiliza mpaka mwisho, akakigeuza huku na huku cheti alichomletea, akakinusa.

"Wino haujakauka, baba. Radi nao umewapa?"

"Nisikufiche, mama, wamepata. Lakini chao ni cha mlangoni. Chako wewe ni cha mji mzima."

"Wamekupa simu ngapi?"

Miwani akakohoa. "Sita."

"Sita tu? Wamekudharau!" Mwanamama alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Mimi nakupa kumi. Ila mtaalamu wetu hawezi kuonekana mjini na simu za washindani, watu watasema nini? Niachie hizo sita, chukua kumi zako. Tia sahihi hapa."

Moyo wa Miwani ukacheza ngoma. Fomu ilikuwa na kurasa tatu za maandishi madogo kama sisimizi. Akatia sahihi zote tatu, macho yakiwa kwenye maboksi, akaziacha zile sita na kuondoka na kumi.

Alipofika nyuma ya banda la kinyozi, akafungua la kwanza. Simu ilikuwa nyepesi mno. Kioo chake kilikuwa karatasi iliyobandikwa. La pili, vivyo hivyo. Zote kumi zilikuwa plastiki tupu, zile za kupangwa kabatini ili wateja waone rangi.

Alirudi mbio. "Mama, umenitapeli!"

"Mimi?" Mwanamama alionekana kuumia. "Ukurasa wa pili: simu kumi za maonyesho. Soma mwenyewe, si una miwani?"

Mara kelele zikasikika nje. Cheti cha Upepo kilikuwa kimeshabandikwa dirishani, na meneja wa Radi alikuwa amekisoma kutoka ng'ambo. Sasa alikuwa anavuka barabara na walinzi wawili, uso umemvimba, umati nyuma yake.

"Mlango wa nyuma uko wapi?" Miwani alinong'ona.

"Hatuna. Ila ukurasa wa tatu unasema utatutumbuizia wateja siku thelathini. Vazi lako lile pale."

Kwenye kona lilisimama vazi la sponji: simu kubwa kuliko mtu, yenye matundu mawili ya kuchungulia. Miwani akajitosa humo kichwa kwanza. Mwanamama akawasha muziki. Meneja wa Radi alipoingia akihema, alikuta jisimu linakata viuno mlangoni kwa bidii ya mtu anayeokoa ngozi yake.

"We! Umemwona jamaa mmoja, ana miwani na tai?"

Simu ikasimama. Ikatoa sauti nyembamba, tamu, isiyo na haraka:

"Mteja unayemtafuta hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye."

Umati ukaangua kicheko. Meneja wa Radi, kwa mazoea ya miaka mingi kazini, akasubiri kidogo kama kuna maelezo zaidi, akasema asante, akatoka.

"Cheza, mwanangu," alisema mwanamama, akiongeza sauti ya muziki. "Zimebaki siku ishirini na tisa na nusu."