Dawa ya Mizizi na Damu ya Baba

Jumapili, 2 Machi

Hakuna tabibu kama mimi katika milima yote hii ya Manchester, kisiwani kwetu. Shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji, lakini mizizi inaniita kwa jina. Nikitazama unyayo wa mtu tu, najua ini lake linalalamika nini. Kweli tupu!

Leo baada ya ibada Nesi Crosdale kasimama mbele ya kanisa. Jumamosi madaktari wa mjini wanakuja kupima wanaume tezi dume. Neno hilo, kanisani! Akina mama wakajipepea kwa kofia. Akasema saratani hiyo inatuandama zaidi sisi wanaume weusi, umri ukizidi ndiyo inazidi, na ukiwa na baba au kaka aliyeugua, imeshajua mpaka mlango wako. Kisha akamkazia macho baba yangu. Babu alikufa nayo. Baba mkubwa Linval kapasuliwa mwaka jana kule Kingston. Baba ana hamsini na moja. Alikuwa anasoma kitabu cha nyimbo, kakishika kichwa chini.

Mimi nilikuwa naelea. Niliona chupa, mlima mzima wa chupa, zinang'aa ndani ya ukungu, kila moja na sura yangu. "Dawa ya Mizizi ya Junior. Kunywa, Usiguswe."

Jumanne, 4 Machi

Nimechemsha. Nyumba inanuka soksi za askari. Baba anakunywa kila asubuhi, ndiye tangazo langu linalotembea.

Nikapeleka chupa meza ya dhumna, dukani kwa Mista Wint, baba naye yumo mchezoni. Nikawaeleza: tezi inaziba kwa uchafu, dawa inaosha. Wint akasema yeye haumwi popote, apimwe nini? Na daktari anaingiza kidole! Mwanamume akishaingizwa kidole si mwanamume tena, ni droo ya kabati. Tukacheka mpaka vipande vikaanguka. Chupa zikaenda zote.

Nesi akatokea. Hakukasirika, mama yule. Akavuta kiti, akasema anataka kucheza na Wint na baba. Akiwafunga sita mfululizo, meza nzima ikapimwe. Huku kwetu kufungwa sita ni fedheha ya kuhama kijiji. Wakakubali huku wanacheka. Akanichagua mimi niwe mwenzake!

Ningeweza kucheza vibaya niokoe biashara. Lakini Junior kushindwa, mbele za watu?

Nesi anabamiza kipande kama anaua mende, huku anafundisha. Ugonjwa huu haungoji maumivu, wengi hawahisi kitu. Pa! Kinachoanza ni damu ya mkononi. Pa! Hicho kidole kikihitajika kinamaliza kazi kabla Wint hajaamua acheze nini. Pa! Na namba ya kipimo cha damu ikipanda si lazima iwe saratani, tezi huvimba na uzee pia. Akaniuliza dawa yangu imepimwa na nani. Nikajibu, na walioinywa. Akauliza, "Kina nani hao, daktari wangu?" Nyoka!

Sita bila jibu. Kipande cha mwisho nilikibamiza mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Baba hali chakula. Mtu wa kubeba gunia la viazi vikuu begani, kakaa barazani anatazama ukungu ukishukia migomba. Nikamwambia aache woga. "Nani anaogopa, we mtoto? Nawaza viazi." Kisha akasema, polepole, kwamba akishajua ugonjwa anao, atalala nao vipi kitanda kimoja?

Nikaelea tena. Na humo ukunguni wazo likanijia limevaa nguo nyeupe! Nesi mwenyewe kasema ugonjwa unafuata damu ya ukoo. Mimi Egbert Facey mdogo, yeye Egbert Facey mkubwa. Damu moja, jina moja. Ukipima yangu umepima yake. Na tangazo langu likikutwa gonjwa, nani atanunua?

Nikamweleza. Akasema labda ile miaka ya shule haikupotea bure. Akala sahani mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Foleni mpaka barabarani. Wint kavaa suti ya mazishi. Baba kajificha nyuma ya ukumbi, kwenye supu ya kichwa cha mbuzi. Mimi nimevaa kofia yake na koti lake.

Binti wa mjini ndiye mwenye sindano. Macho gani yale! Akauliza jina. Egbert Facey, wala sikusema uongo. Umri? Hamsini na moja. Akaniangalia juu, akaniangalia chini. Nikamwambia, "Ni dawa ya mizizi, mrembo. Chukua chupa umpelekee mama." Akacheka, akaandika.

Damu ikapanda kwenye kichupa, polepole, kama jua la mlimani. Nikatuona mimi naye tumeoana, tunaishi juu ya mawingu, watoto wanachemsha mizizi. Kuzinduka, nipo sakafuni, Wint ananipepea. Yeye keshamaliza kila kitu, mpaka kidole. Anasema alikuwa bado anakisubiri kianze, akaambiwa avae suruali.

Ijumaa, 14 Machi

Majibu! Wint namba yake imepanda kidogo. Kaambiwa aende Mandeville wamtazame vizuri, huenda ni uvimbe tu. Anasema ataenda, hana cha kuogopa tena. Msaliti!

Egbert Facey: safi. Nesi kashangaa, kasema hii namba ni ya kijana. Nikapiga kelele, mizizi hiyo! Akaniangalia kama anayenipima joto kwa macho. Baba kampigia simu baba mkubwa Linval akamwambia, kaka, mimi mzima. Alilia kidogo. Kasema ni pilipili.

Jumapili, 16 Machi

Wawili wa ng'ambo ya kilima wamenijia kwa siri. Wanauliza kama mkono wangu unakodishwa. Na kwa nini usikodishwe? Sisi sote weusi, Nesi kasema. Damu moja! Nitaweka ubao barabarani. Nitaajiri vijana wenye mishipa mizuri. Binti wa sindano atasikia, atapanda mlima mwenyewe.

Asubuhi, ukungu haujainuka, baba alitoka kukojoa, akasimama nyuma ya mpera. Akasimama, akasimama. Nilisikia ndege, nilisikia matone ya majani. Tone la baba sikulisikia. Aliporudi akaniuliza, bila kunitazama, kama kweli damu ni moja. Nikamwambia moja, baba. Akasema haya, mwanangu. Akaomba chupa nyingine, nikampa.

Kwa hiyo mipango yangu yote imefaulu. Kitu kimoja tu hakikwenda sawa: baba hajapimwa.