Tumbo la Chuma na Kijiko cha Reine

Jumatatu, 13 Mei

Mimi ni muntu wa bahati. Naandika wazi kwa sababu hakuna anayenisoma. Tangu nizaliwe, tumbo langu halijaniangusha hata siku moja. Nimekula sambaza, vile vidagaa vya ziwani, za juzi pale Bukavu. Nimekula mishikaki ya Ruhwa ambayo hata muuzaji hakujua ni ya mnyama gani. Nimekula harusi tatu kwa siku moja, na ya tatu sikualikwa. Hakuna kitu! Tumbo la chuma. Siku Mungu anagawa matumbo, mimi nilikuwa wa kwanza kwenye mstari.

Micheline, mke wangu, ameshuka Bugarama kutafuta mpunga. Ni mavuno, atarudi Jumamosi. Ameniachia meza yetu ya mchele hapa sokoni Kamembe, na binti yetu Reine, miaka miwili na nusu. Aliuliza kama amwite mama yake avuke kutoka Bukavu anisaidie. Nikakataa kwa heshima zote. Belmere Marguerite, yaani mama mkwe wangu, anatangaza kila mahali kwamba mimi siwezi kulinda hata kuku aliyefungwa kamba. (Ile kamba ilikatwa na muntu! Nitasema hivyo mpaka kaburini.)

Mpango: juma hili mtoto anenepe, belmere anyamaze milele.

Jioni. Reine ametapika kwenye viatu vyangu vya misa. Kidogo tu. Si kitu.

Jumanne, 14 Mei

Ni kitu.

Anatapika, na upande wa pili nao umefunguka. Nguo zake zimekwisha zote, amevaa fulana yangu, inamfika miguuni kama kanzu ya padri. Batoto ba Mudathiru, fundi cherehani jirani yetu, baliugua vivi hivi juma lililopita. Mudathiru ameniita juu ya ukuta: Papa Reine, mpe maji, mpe maji kidogo kidogo, usichoke. Nimemjibu kwamba nimefika Uvira, Bujumbura na Kampala, na maji nayajua.

Mbinu ya kwanza: soda ya machungwa. Sukari ni nguvu, nani hajui? Nimeitikisa mpaka gesi ikatoka, kitaalamu kabisa. Reine amekunywa nusu chupa akaniangalia kwa mapenzi makubwa. Kisha soda ikarudi, ikaja na wenzake. Na kuhara kukazidi.

Uwamwezi, mshauri wa afya wa mtaa, amepita. Ameleta pakiti za SRO, ule unga wa kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki. Akaeleza: pakiti moja, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja kidogo, anza tena polepole. Chakula akitaka, apewe. Soda, hapana. Lakini macho yakiingia ndani, akilia bila machozi, asipokojoa, akilegea, au ukiona damu, mbio kituo cha afya, usiulize muntu. Nimeitikia kila neno. Mimi niliishia darasa la tano, ila masikio yangu yalifika chuo kikuu.

Alipotoka nikafikiri. Hapo ndipo mambo huharibika.

Lita moja ni ya batu ba kawaida. Reine ni mdogo, lita ataimaliza mwaka gani? Mbinu ya pili: pakiti nzima ndani ya gobele moja, kikombe kimoja tu. Kali! Anapona kesho asubuhi! Reine ameonja. Amenitemea usoni, akanitazama kama hakimu.

Micheline amepiga simu. Nimesema Reine anacheza. Wakati huo alikuwa anatapikia kola ya shati langu. Kwa mbali inafanana na mchezo.

Jumatano, 15 Mei

Belmere amefika! Nani kamwambia? Mudathiru hakubali wala hakatai, anashona tu, anatabasamu na sindano mdomoni.

Amevuka mpaka alfajiri na kapu lake na sufuria yake mwenyewe, maana zangu haziamini. Salamu hakuna. Amechukua gobele langu, akagusa kwa ncha ya ulimi, akauliza kama nataka kumponya mjukuu wake au kumtia chumvi kama samaki wa kuuza. Gobele likamwagwa nje. Kuku wa jirani wakakimbia.

Kisha amechemsha maji, akayapoza, akapima lita kwa chupa, akachanganya. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaninawisha na mimi kama mtoto. Akakaa kwenye kigoda na kijiko cha chai.

Niseme kweli, hakuna anayesoma: yule mama ni fundi. Mkono hautetemeki. Hana hasira, hana haraka. Utafikiri ameambiwa ajaze Ziwa Kivu kwa kijiko, naye amekubali, na anajua litajaa.

Lakini Reine amefunga mdomo. Koko wake, yaani bibi yake, amemwimbia. Amebembeleza. Ameahidi kanga mpya. Mdomo haukufunguka hata kidogo. Kufunga mdomo hivyo amejifunza kwa mama yake, mimi nakijua kifungo kile, nimewahi kukaa nje yake siku nne.

Saa sita mchana amelia. Nimemgusa shavu. Kavu! Macho yameingia ndani, na nepi haijalowa tangu asubuhi. Belmere amesema polepole, bila kelele: Papa Reine, huyu mutoto anakauka sawa sambaza. Twende.

   Nimefunga viatu, tumepanda pikipiki mbili, nimemshika Reine kifuani, na njia nzima sikumwambia dereva habari hata moja ya Kampala.

Pale kituo cha afya, muuguzi amembana ngozi ya tumbo, ameangalia macho, amemwita jina. Reine akageuka. Muuguzi akasema bado ana nguvu ya kunywa, basi mjaribu hapa hapa kwenye benchi, nikiwaona. Kijiko kwa kijiko. Akikataa, tunamtundikia serumu ya mshipani. Na akaonyesha chuma cha kutundikia chupa. Reine alikiona. Mimi pia nilikiona.

Belmere ameleta kijiko. Mdomo, kufuli. Mara ya pili, kufuli. Halafu Reine akainua kidole kimoja, kikavu kama kijiti, akanielekeza mimi.

“Papa, onja.”

Sikuelewa. Belmere hakuelewa. Kisha nikaelewa, nikataka kulia mbele ya batu.

Kila Jumapili Reine hukaa kwenye goti langu nikinywa pombe ya ndizi na rafiki zangu. Anaona. Hapa kwetu hakuna muntu anayepokea kinywaji hivi hivi: mwenye kuleta huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Sasa mimi nimemletea soda, ikampindua. Nimemletea gobele la chumvi. Na bado nategemea afungue mdomo? Mtoto ana adabu kuliko sisi sote. Alikuwa anangoja mwenye nyumba aonje!

Nimeonja. Nimepiga ulimi, nimefumba macho, nimesema eeeh, hii ni ya wakubwa. Reine akafungua mdomo.

Kijiko cha kwanza kimeingia. Kimekaa. Halafu: “Papa, onja.” Cha pili. “Papa, onja.” Kila kijiko! Mzee mmoja mwenye mguu wa bandeji akaanza kusema “afya!” kila tukimeza, na benchi zima likafuata. Alipotapika tulingoja, belmere akaangalia ukutani kwenye saa, tukaanza tena polepole zaidi. Hakuna aliyechoka. Reine ametuendesha sote kama chifu.

Belmere ameninong'oneza nisitie kijiko cha mtoto mdomoni, huu ugonjwa unaambukiza, akanipa kijiko changu cha pembeni. Nimemshukuru. Nimekitia mfukoni. Mgeni na mwenye nyumba hunywa chombo kimoja, si ndiyo heshima? Na mimi nina tumbo la chuma.

Alasiri. Belmere alichelewesha kijiko kidogo, mgeni wetu akakasirika, akalia. Na likatoka! Chozi! Chozi la kweli, limeshuka mpaka kidevuni! Nimelionyesha benchi zima. Bado nalionyesha, nikasikia joto kwenye suruali yangu ya kijivu, ile nzuri. Nimesimama nikapiga kelele: amekojoa! Amekojoa! Mzee wa bandeji amepiga makofi. Belmere amefunika uso kwa kitenge. Amesema ni jasho. Haikuwa jasho.

Muuguzi ametupa ruhusa turudi nyumbani, tuendelee vile vile, na tukiona ameanza kulegea tusingoje.

Alhamisi, 16 Mei

Kabare, baa yetu ya kienyeji, imefunguliwa uani. Mwenye kabare: belmere. Mwonjaji mkuu: mimi. Mteja: mmoja, mkali sana. Reine anakunywa, anakojoa, anakunywa. Kila nepi nampasha habari Mudathiru juu ya ukuta. Ameniomba nipumzike kidogo, ana kanzu ya bwana harusi ya kumaliza.

Mchana ameomba uji wa mchele, ameula na ndizi mbivu. Mchele wa Bugarama! Nimesema huo ndio uliomponya. Belmere amesema bongo, ndivyo kwetu Bukavu tunavyoita uongo, na anayesema sana bongo anaitwa mubongo. Ameniita hivyo pia. Lakini ameniita kwa sauti nzuri.

Micheline amepiga simu. Nimeganda. Belmere amechukua simu mkononi mwangu na kusema, bila kupepesa jicho, kwamba Reine anacheza. Tukageuka kumtazama. Alikuwa anacheza kweli, anamwonjesha kijiko mguu wa kigoda.

Ameninyanyasa miaka minne, yule mama. Leo nimemwona amemlaza Reine mapajani, kijiko bado mkononi, naye hajala tangu jana. Nimemsongea ugali. Ameula wote. Akasema leo angeweza kuniachia kuku. Mmoja. Kwa kamba mbili.

Ijumaa, 17 Mei

Reine anakimbia. Nepi zimerudi kuwa za kawaida. Belmere anasema zinki iendelee mpaka vidonge viishe, hata akionekana mzima.

Tumbo langu linaongea kidogo. Ni furaha.

Jumamosi, 18 Mei

Si furaha.

Ee Mungu wangu. Pande zote mbili. Nimelala kwenye mkeka, belmere amekaa kwenye kigoda kile kile na kijiko kingine. Ameuliza kile alichonipa cha pembeni kilikwenda wapi. Kimeanguka kutoka mfukoni mwangu, safi kabisa, mbele yake. Amekiokota, akakifuta kwa kitenge, akanirudishia mfukoni. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Nimefunga mdomo, nimegoma. Reine akaja na kikombe chake cha maji, akanywa kwanza yeye, akapiga ulimi, akafumba macho. “Eeeh! Papa, kunywa.” Basi ningefanya nini? Nimefungua.

Micheline amefika na magunia matatu. Amemkuta mtoto anarukaruka, mama yake anaimba, na mume chini kama gunia la nne. Belmere amemweleza yote. Micheline amecheka mpaka akakaa kwenye mpunga. Kisha amekuja akanipangusa paji la uso na kuniambia asante. Nimegeukia ukuta ili asione machozi. Yametoka mengi, kwa hiyo sijakauka.

Sasa wote wako nje wanashusha magunia. Dakika nzuri. Lita moja kwa pakiti ni ya batu ba kawaida, na mimi mwili wangu ni mkubwa: nimetia pakiti mbili ndani ya gobele moja, nimekunywa kwa mkupuo, na soda ya machungwa juu yake kufuta ladha. Kesho asubuhi niko sokoni!

Saa moja baadaye. Naandikia chooni. Ile niliyoandika Jumatatu, ya tumbo la chuma, ni uongo.